Bunduki ya kwanza ya shabaha, kwa mtu wa mkono wa kushoto mwenye dola 600

Aliyeuliza ni mzaliwa wa Tanga, miaka 34, anaishi Columbus, Ohio, na anafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Wenzake wa kazini wamempeleka uwanja wa shabaha mara mbili na mchezo umemkolea. Ana kadi ya kijani (ya ukaazi wa kudumu Marekani), watoto wawili wadogo na dola 600 alizoweka pembeni. Anatumia mkono wa kushoto. Mwenzake mmoja anamshauri anunue AR-15, bunduki ya nusu otomatiki inayojipakia yenyewe, mwingine anasema achukue .308, ya risasi kubwa yenye teke zito, moja kwa moja "asije akajuta". Mkewe hajalipenda jambo lenyewe. Anauliza aanze na bunduki gani, na mwisho kabisa, kama anaweza kwenda nayo nyumbani likizo.

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Sentensi iliyonisimamisha ni ile uliyoiandika kama ya kupita tu: kwamba siku ya pili, ulipopewa ile .308, bega lilikuuma mpaka kesho yake, na kufikia risasi ya kumi ukawa unafumba macho kabla ya kufyatua. Hapo umeshajijibu nusu nzima.

Nunua .22. Jina lake kamili ni .22 Long Rifle, risasi ndogo iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, na mpaka leo sijaona iliyoipita kwa kumfundisha mtu kulenga. Iwe bunduki ya komeo, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi, na komeo lake liwe upande wa kushoto. Yote yanayofuata ni sababu zangu.

Kwanza pesa, maana ndiko wengi wanakopiga hesabu ya kombo. Bei ya bunduki unailipa mara moja, bei ya risasi unailipa kila Jumamosi. Tuseme unakwenda uwanjani mara mbili kwa mwezi na kila safari unafyatua risasi 150, ambazo si nyingi. Kwa mwaka ni risasi 3,600. Za .22 za kawaida siku hizi zinacheza kwenye senti 8 hadi 10 kwa moja, kwa hiyo mwaka utakula dola 300 na kitu, 360 ukizidisha. Za .223, ambazo ndizo chakula cha AR-15 nyingi, hata zile za rahisi utazikuta kwenye kama senti 50: hizo ni dola 1,800. Za .308 zinakaribia dola moja kila unapovuta triga. Bei hupanda na kushuka, lakini pengo lenyewe halizibiki. Nimewaona walioanza na .308. Mwezi wa kwanza wanakuja kila wiki, mwezi wa tatu wanakuja kuuliza nani anataka kununua bunduki "karibu mpya".

AR-15 sina ugomvi nayo. Teke lake ni dogo na ni bunduki ya shabaha nzuri ikiwa mikononi mwa aliyekwisha kujifunza. Lakini kelele yake kwa mgeni ni kazi, na risasi zake zitakufanya uhesabu senti badala ya kuhesabu pumzi.

Sasa hilo la kufumba macho. Niliwahi kumfundisha dereva wa lori, mtu wa miraba minne, aliyekuja na .308 yake mpya na karatasi zilizotobolewa kila mahali isipokuwa katikati. Alikuwa na hakika darubini ni mbovu. Nikamwambia kuanzia sasa mimi ndiye nitakayempakilia, yeye alale, alenge, afyatue. Risasi mbili nikampakilia kweli. Ya tatu nikafunga komeo chemba, pale risasi inapokaa, ikiwa tupu, yeye hajui. Akavuta triga: kli. Hakuna mlio, hakuna teke, lakini mtutu uliinama kama kata inayochota maji mtungini, bega likaruka mbele, macho yamefumba. Darubini ilikuwa nzima. Mwili wake ndio ulikuwa umejifunza kujihami kabla ya kipigo, na mwili hauelewi maneno. Tulimpa .22 ya klabu, ikamchukua kama miezi miwili kurudi alipotakiwa kuanzia. Wewe umegundua siku ya pili. Ni mapema, linafutika.

Usije ukaidharau .22 kwa sababu ya udogo. Geuza pakiti uisome: utakuta onyo kwamba ni hatari mpaka maili moja na nusu, yaani karibu kilomita mbili na nusu. Kilicho nyuma ya karatasi yako ni juu yako, hata risasi ikiwa ndogo kama punje ya kunde.

Kuhusu mkono wa kushoto, hapa washauri wako wa ghalani hawakukusaidia kabisa, nadhani kwa sababu wote ni wa kulia. Bunduki nyingi hutema maganda upande wa kulia. Kwa mtu wa kulia yanaruka mbali naye. Kwa wewe unayelaza shavu la kushoto kwenye kitako na kukiweka bega la kushoto, ganda la moto linapita mbele ya uso, na kwenye zile za nusu otomatiki linapita kila sekunde. Nimeona ganda likitumbukia ndani ya kola ya mtu akacheza ngoma akiwa na bunduki mkononi, na hiyo si ngoma ya kucheza. Ndiyo maana sikupeleki kwenye Ruger 10/22, .22 ya nusu otomatiki, ingawa ni bunduki ninayoipenda, iko sokoni tangu 1964, magazini yake (kisanduku cha risasi) ya mzunguko ya risasi 10 haina makeke, na vipuri vyake viko kila duka. Ungekuwa wa kulia tungebishana kidogo.

Lakini kabla hujatoa hela, hakikisha jicho. Sisi tuliolelewa kwa "kula kwa mkono wa kulia!" tumepindishwa mikono hata hatujui tuko upande gani, na jicho halikukanywa na mtu. Nyoosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja ubakize kitundu kidogo katikati, tazama saa ya ukutani kupitia kitundu hicho, macho yote wazi. Sasa funga jicho moja, halafu lile jingine, bila kusogeza mikono. Jicho ambalo likiwa wazi peke yake bado unaiona saa, hilo ndilo linaloongoza. Likiwa la kushoto, kila kitu kinapatana: bega la kushoto, komeo la kushoto. Likiwa la kulia, niandikie kabla ya kununua, maana mimi humfuata jicho kuliko mkono, na kwa mtu aliyeenda uwanjani mara mbili tu bado unaweza kuhamisha bega.

Za kushoto zipo na hazihitaji kuagizwa kama nguo ya harusi. Savage wanatengeneza Mark II ya komeo la kushoto, na mpya kwa kawaida inakaa kati ya dola 300 na 400. CZ wa Jamhuri ya Czech wana 457 ya kushoto, kazi safi zaidi, mbao nzuri, lakini inapita 500 na itakumaliza mfuko. Mimi kwa hesabu yako ningechukua Savage. Ya mtumba nayo si aibu. Mtutu wa .22 hauchakai ovyo, unaharibiwa zaidi na fimbo ya kusafishia ya mtu mwenye haraka, kwa hiyo chungulia mdomo wa mtutu: ukiona umelika au una kovu upande mmoja, mwachie mwenyewe.

Dukani fanya jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Mwombe muuzaji akuonyeshe chemba kuwa ni tupu, uthibitishe mwenyewe kwa jicho na kidole, omba ruhusa, elekeza mtutu anakokuambia. Fumba macho. Inua bunduki, weka kitako begani, laza shavu panapojilaza penyewe. Fumbua. Kama jicho liko sawa na vilengeo bila kunyoosha shingo wala kuikunja, bunduki imekukaa. Kama unajitafuta, kitako ni kirefu mno au kifupi mno, na hakuna mazoezi yatakayokirefusha. Mpe na shemeji ajaribu vilevile, nitamrudia.

Triga ndiyo kitu nisichokubali kukibania. Fikiria hivi: bunduki yenyewe ina uzito wa kama kilo mbili na nusu. Triga inayohitaji kuvutwa kwa nguvu ya karibu kilo hizohizo, ukiivuta unavuta bunduki nzima pamoja nayo. Na mtutu wa sentimita 60 ukisogea milimita moja tu mdomoni, kwenye yadi 50 tundu linahama zaidi ya sentimita 7. Milimita moja! Nusu kijiko cha chai cha pumzi kinatosha kuisogeza. Unataka triga inayovunjika kama kijiti kikavu, bila kuburuta, kwenye kilo moja na nusu hivi au chini kidogo. Savage hizi zina triga ambayo mwenye bunduki anaweza kuirekebisha mwenyewe, na ndiyo sababu kubwa ya kuzitaja. Usiilegeze kupita alipokuruhusu mtengenezaji, na ukitaka kushindana kuna mashindano yenye uzito wa chini wa triga uliowekwa.

Darubini isubiri. Ukipata bunduki yenye vilengeo vya chuma, anza navyo msimu mzima. Vitakufundisha kuweka kichwa mahali pamoja kila mara, na dola zako 600 zitagawanyika hivi: kama 350 bunduki, 120 kabati la chuma la kufuli, 50 za kuziba masikio na miwani, 80 zilizobaki ni risasi. Siku ya kununua darubini ikifika, usichukue ya mwenzako aliyoiondoa kwenye .308 yake. Hizo nyingi zimesetiwa kwa yadi 100, na ukizitumia kwenye yadi 50 msalaba unaonekana kuogelea juu ya karatasi kila ukisogeza kichwa. Zipo za .22 zilizosetiwa kwa yadi 50, kama dola 100 hivi. Uliza kwa neno hilo hilo: ya yadi 50.

Risasi nazo zina mambo. Katika .22 fataki, ile inayowasha baruti, haiko katikati ya kitako cha ganda kama kwenye .223, imefichwa ndani ya ukingo wake wote, na kipini kinagonga ukingo. Kila kiwanda na kila toleo hutofautiana kidogo, na kila mtutu una mapenzi yake. Nina bunduki mbili za aina moja, namba zake zimefuatana, na moja inakataa kabisa risasi anazozipenda mwenzake. Kwa hiyo usinunue katoni ya risasi 5,000 kwa sababu ina punguzo. Nunua pakiti moja moja za aina tano au sita, hakikisha mbili tatu ni zile za mwendo wa kawaida, zinazotoka kwa kama mita 325 kwa sekunde. Sauti hewani husafiri kwa kama mita 340. Zile za kasi hutoka juu ya mwendo wa sauti na kushuka chini yake zikiwa njiani, na pale zinapovuka hutikisika. Za kawaida haziuvuki kabisa, basi hutulia. Lala chini, egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, yadi 50, piga tano tano kila aina kwenye karatasi yake, andika jina pembeni. Kundi dogo kuliko yote ndilo jibu, hata kama ni la pakiti ya bei nafuu. Mara nyingi huwa siyo ile uliyotegemea.

Mazoezi mengi utayafanya sebuleni bila risasi hata moja. Hapo .22 ina kasoro yake: baadhi ya bunduki, ukifyatua chemba ikiwa tupu, kipini kinagonga ukingo wa chemba na kuuumiza. Soma kijitabu chake kwanza. Kinga ya rahisi ni vile vidude vya njano vya plastiki vinavyotiwa ukutani kabla ya skurubu, namba 4 hadi 6. Kinaingia chembani kana kwamba kilitengenezewa humo, na pakiti nzima haifiki bei ya chakula cha mchana. Risasi zote ziwe chumba kingine, mlango umefungwa, umekagua chemba mara mbili. Dakika kumi kwa siku ukirudi zamu. Mimi nilijifunza kambini miaka ya themanini kwa SAR, bunduki ya nusu otomatiki ya jeshi, na risasi tulizofyatua zilihesabika kwa vidole. Mengi tuliyoyajua tuliyapata kwa kulala mavumbini na bunduki tupu, sarafu imewekwa juu ya mtutu, ukivuta triga ikianguka unaanza upya.

Shemeji. Usimfiche bei wala kabati. Mpeleke uwanjani akae nyuma ya mstari aone jinsi msimamizi anavyotangaza watu waache, makomeo yafunguliwe, watu warudi nyuma ndipo mtu aende kwenye karatasi. Wengi hofu yao inapungua wakishaona nidhamu, na kama haipungui ana haki yake. Kanuni zenyewe nne azijue na yeye: kila bunduki ichukulie kuwa imepakiwa, mtutu usielekee usichotaka kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka umelenga na umeamua, na jua unachokilenga na kilicho nyuma yake. Bunduki ndani ya kabati, risasi kabati jingine, funguo zisining'inie jikoni. Watoto hujua funguo zilipo kabla yetu.

Na kuna jambo ambalo Kiswahili kimelisema wazi: risasi ni jina la kinachotoka mtutuni na ni jina la madini yenyewe. Kichwa cha .22 mara nyingi ni madini hayo matupu, na fataki yake huwa nayo pia. Unapofyatua, vumbi lake liko mikononi, kwenye nywele, kwenye shati. Mkubwa hulivumilia, mtoto mdogo humdhuru ubongo. Nawa kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula chochote, usile chipsi uwanjani, na ukifika nyumbani vua nguo na viatu kabla mtoto hajakurukia. Masikio nayo: hata .22 inafika kama desibeli 140, na kiwango hicho tayari kinaharibu. Ziba, kila risasi, bila kusema "hii ndogo".

Sheria kwa ufupi, kwa hali yako. Ukaazi wa kudumu unakuruhusu kununua. Wenzetu wenye viza za masomo au za muda hawaruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kwa hiyo usimchukulie mwenzako kuwa yuko kama wewe. Ohio haidai leseni ya kununua bunduki ya mtutu mrefu. Dukani utajaza Fomu 4473, utaandika namba yako ya ukaazi, na FBI watakagua jina. Majina kama yetu, Hassan fulani bin Hassan fulani, yakigongana na ya mtu mwingine unaweza kuambiwa usubiri. Usikasirike, siku chache za kazi huwa yameisha. Anwani kwenye kitambulisho iwe ya unakolala sasa. Kama ulihama apatimenti mwezi jana, anzia kubadili kitambulisho.

Hili la mwisho la sheria ninalisema kwa ukali kidogo. Atakuja mtu, pengine mtu wa kwenu kabisa, akwambie "nichukulie na mimi moja, hela hii hapa, karatasi zangu hazijakaa sawa." Kataa. Kujaza fomu kwamba bunduki ni yako huku unamnunulia mwingine kwa hela yake ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwa mwenye kadi ya kijani linaweza kugusa hata ukaazi wake. Undugu hauna nafasi kwenye ile fomu.

Ukishanunua, kaskazini ya Columbus kuna uwanja wa serikali ya jimbo kwenye Delaware Wildlife Area. Pata kibali chake kwanza. Ndani ya gari bunduki isiwe na risasi, iwe kwenye mfuko wake. Na una bahati ya kuishi Ohio: kama saa mbili za gari, ukingoni mwa Ziwa Erie, ipo Camp Perry, ambako mashindano ya taifa ya shabaha yanafanyika tangu 1907. Wana mchezo unaoitwa Rimfire Sporter, wa .22 za kawaida zisizozidi ratili 7 na nusu, yadi 25 na 50, kwa kulala, kwa kukaa au kupiga goti, na kwa kusimama. Huko utamkuta babu wa miaka 70 na mjukuu wake kwenye mstari mmoja, wote na .22. Ukitaka mwalimu kabla ya hapo, tafuta wikendi ya Project Appleseed. Wanafundisha mkanda wa bunduki, pumzi na mlalo, na .22 ndiyo wanayoitarajia.

Siku ya kwanza na bunduki yako piga risasi 50 tu, polepole, karatasi tano. Zipige picha unitumie. Bunduki usinipigie, naijua ilivyo.

Uliuliza kama unaweza kwenda nayo Tanga mwezi wa Desemba. Taratibu zipo, za forodha ya huku na za Polisi wa kule, na huwezi kushuka nayo Tanzania bila kibali cha kuingiza silaha ulichokwisha kupewa kabla ya kupanda ndege. Kwa likizo ya wiki tatu, iache kabatini Columbus. Watu wa nyumbani wapelekee zile karatasi za shabaha.